Wanangu, Msisubiri Tangazo

Ukitaka kumjua mhadhiri mwenye andiko la ruzuku linalofungwa leo, usiende chuoni kwake. Nenda ukumbi wa kuondokea wa Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Juba, asubuhi abiria wa Nairobi, Entebbe na Addis Ababa wanapojipanga. Utamkuta kompyuta iko mapajani, simu inayompa intaneti ameichomeka ukutani, kiatu kimoja amekivua, na jedwali la bajeti limekataa kujumlika. Ukimsalimia atakujibu bila kuinua macho: "Shikamoo mzee, samahani, linafungwa saa kumi na moja." Saa kumi na moja ya Juba au ya Brussels? Hapo ndipo anaposhtuka.

Simcheki, au niseme namcheka kidogo tu. Watu wa namna hii nimewaona tangu enzi za jengo la zamani, kabla hili jipya halijafunguliwa mwaka 2018, tulipokuwa tukikaguliwa kwenye mahema na matope ya mvua yakitufuata mpaka kwenye mizigo. Jengo limebadilika. Mhadhiri ni yuleyule, na usiku wa mwisho ni uleule.

Na mtu angemlaumuje? Chuo Kikuu cha Juba kilianzishwa mwaka 1975, vita vikakihamisha kwenda Khartoum mwaka 1989, kikarejea nyumbani baada ya mkataba wa amani wa 2005, na tangu hapo walimu wake wamekwisha kugoma mara kadhaa kwa sababu mshahara haukuonekana. Aliyekaa miezi bila mshahara akiona tangazo la ruzuku haoni utafiti. Anaona karo za watoto, kodi ya nyumba, na pengine mabati. Njaa haina adabu. Basi analikamata tangazo la kwanza linalopita. Mwaka huu ni tabianchi, mwakani ni jinsia, mwaka ule mwingine ni ujenzi wa amani, na sasa kila tangazo lina akili mnemba ndani yake, hata lile la mtama. Baada ya miaka kumi ukimuuliza bingwa wa nini, anakutajia majina ya wafadhili.

Andiko la usiku wa mwisho ni ugali uliomwagiwa unga kabla maji hayajachemka: utausonga mpaka mkono uchoke, madonge hayaondoki. Nimesoma mengi ya hayo nikiwa msahihishaji. Ukurasa wa kwanza unataja wakulima, ukurasa wa tano unataja wavuvi, kwa sababu nusu imenakiliwa kutoka andiko la mwaka jana. Mtafiti mkuu anaandikiwa asilimia mia ya muda wake wakati ana madarasa manne. Barua ya mkuu wa kitivo ina tarehe ya kesho. Kibali cha maadili "kinashughulikiwa". Msahihishaji hahitaji kufika mwisho. Anaonja kijiko kimoja tu, anasukuma sahani.

Msidhani nawabebesha ninyi peke yenu mzigo ambao serikali zetu zimeutua njiani. Januari 2006, hapo hapo Khartoum, Umoja wa Afrika ulikubaliana kwamba kila nchi itoe asilimia 1 ya pato lake la taifa kwa utafiti. Wakenya wakaenda mbele zaidi: sheria yao ya sayansi ya mwaka 2013 ikautengea Mfuko wa Taifa wa Utafiti asilimia 2. Kwenye karatasi, tumeshiba. Makerere angalau ilionja mwaka 2019, serikali ya Uganda ilipotoa shilingi bilioni 30 za kuanzisha mfuko wa utafiti wa chuo hicho, na ikaonekana kwamba Waafrika wakipewa fedha zao wenyewe huuliza maswali yao wenyewe. Wengine tumebaki tukitegemea duka la jirani, na jirani akifunga duka hatuna la kusema. Tarehe 20 Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa agizo moja, na ilipofika Julai mosi USAID ikawa imefungwa. Kuna watu walikuwa na wadodosaji kijijini, madodoso yamejazwa nusu. Aprili mwaka huohuo viza za Marekani za wenye pasipoti ya Sudan Kusini zikafutwa zote, hivyo hata yule aliyekwisha kulipiwa nauli ya kwenda kusoma makala yake kule akabaki na nauli bila safari.

Sasa nitawaambia habari ya Maridi, maana nikiona kijana anahangaika na tangazo ndiyo inayonijia.

Katika Ikweta Magharibi, Maridi na Mundri, wazazi walikuwa wakiuliza tangu miaka ya 1990: kwa nini mtoto mzima, akiletewa chakula, anaanza kutikisa kichwa, kisha anadumaa, kisha anaanguka kifafa? Si wao wa kwanza. Kule Mahenge, Tanzania, daktari Louise Jilek-Aall alikuwa amewaona watoto wa aina hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1960. Swali lilikuwepo, limekaa mlangoni, halina tarehe ya mwisho. Aliyekuja kuliandikia andiko akapata fedha ni profesa wa Antwerp, Ubelgiji, Robert Colebunders, na mfuko ulikuwa wa Baraza la Utafiti la Ulaya. Mwaka 2018 yeye na wenzake wakapita nyumba kwa nyumba Maridi wakakuta zaidi ya watu 4 katika kila 100 wana kifafa, na kadiri nyumba zilivyokaribia bwawa la Maridi ndivyo wagonjwa walivyozidi. Kwenye mfereji wa kumwagia maji wa bwawa, juu ya majani yanayopigwa na maji ya kasi, ndipo viluwiluwi vya inzi wa usubi, wanaoshukiwa kuhusika na kifafa hicho, vilikuwa vimejishikiza. Dawa mojawapo ikawa watu wa palepale kuingia majini na mapanga na kuyafyeka majani hayo. Inzi wakapungua sana.

Mapanga! Hebu fikirieni.

Wabelgiji hawakuiba kitu. Walifanya kazi na shirika la afya la Amref na Wizara ya Afya, na majina ya Wasudani Kusini yamo kwenye makala. Ninachouliza ni kwamba, kati ya wote waliozaliwa mwendo wa gari kutoka bwawa lile wakasoma mpaka shahada ya uzamivu, nani alikuwa na kurasa mbili juu ya watoto wale kwenye droo yake? Kurasa mbili tu: swali ni nini, kimejulikana nini, utapima nini, nani atakubali upime. Mwenye kurasa hizo, tangazo likitoka ana wiki sita za kuzinyoosha. Asiyenazo ana usiku mmoja na soketi ya uwanja wa ndege.

Kwa hiyo anzeni na droo. Anzeni pia kwa kidogo: RUFORUM, mtandao wa vyuo vikuu ulio Kampala tangu 2004, umelea wengi katika kilimo, na ruzuku ndogo iliyosimamiwa vizuri huvuta kubwa kuliko jina la profesa mgeni. Mgeni akija na mradi uliokwisha kupikwa, akitaka jina lako ili kibali kipatikane, usimfukuze. Karibisha, keti, kisha uliza nakala ya takwimu itabaki wapi. Muulize kabla ya kusaini. Nimeona masanduku ya barafu ya sampuli yakisukumwa kwenye mashine ya ukaguzi pale Juba, na "mshirika wa ndani" amesimama nje ya kioo akipunga mkono, hana hata orodha ya kilichomo.

Na fedha zikiingia, mwanangu, usiwe kama wale wanaosherehekea barua ya kukubaliwa na kusahau kwamba mhasibu naye ni binadamu. Mnywe naye chai mapema. Mwambie ruzuku ni ya dola, pauni ya hapa inashuka, manunuzi yapangwe kabla bajeti haijayeyuka. Masurufu ndiyo yanayowaua walimu wetu, si sayansi. Mtu anakwenda uwandani na fedha taslimu, anarudi na matokeo mazuri ajabu, halafu miaka miwili anaandikiwa barua za kurejesha masurufu, na andiko lake la pili linakwama kwa sababu la kwanza halijafungwa. Bodaboda hana risiti. Mama wa chakula hana muhuri. Mwongoza njia kaweka kidole gumba kwenye karatasi, na karatasi imelowa mvua. Basi kabla hujaondoka Juba pita sokoni Konyokonyo ununue kitabu cha stakabadhi chenye karatasi ya nakala, na mfuko wa nailoni wa kukifungia. Kule uendako hutakipata, na mkaguzi wa Brussels hajawahi kupanda bodaboda ya dereva anayemwambia abiria, "Andika mwenyewe, mwalimu, mimi naendesha."