Nabii Aliagiza Tini

Somo: 2 Wafalme 20:1-7, na 1 Wafalme 19:4-8

 

Mfalme Hezekia alikuwa mgonjwa, karibu kufa. Nabii Isaya aliingia akamwambia atengeneze mambo ya nyumba yake. Mfalme akageukia ukuta, akaomba, akalia sana. Isaya alikuwa bado hajatoka mbali wakati neno la Mungu lilipomrudisha: machozi yameonekana, miaka 15 imeongezwa. Hapo sisi sote tunajibu Amina. Lakini wahubiri wengi wanafunga Biblia mapema mno. Katika mstari wa 7 nabii anaagiza mkate wa tini uletwe, unawekwa juu ya jipu, ndipo mfalme anapona.

Angalieni vizuri ni nani aliyeagiza. Hakuwa mtu wa imani ndogo. Alikuwa ni yeye yule aliyesikia sauti ya Mungu dakika chache mbele. Ahadi ilikuwa imekwisha kutolewa, tena ilikuwa ya hakika, na hata hivyo aliagiza tini. Hakumwambia mfalme achague, ama sala ama dawa. Wala mfalme hakujibu kwamba kama Mungu amesema basi tini ni za nini.

Tunaleta somo hili kwa ajili ya ndugu zetu walioambiwa kwamba wana ugonjwa wa sukari. Tangu mwaka 1991, kila tarehe 14 ya mwezi wa 11, ulimwengu wote unawakumbuka wagonjwa hao. Katika parokia zetu wapo, na wengi wananyamaza. Sisi tunaoandika ukurasa huu pia tunameza vidonge hivyo asubuhi na jioni, basi hatusemi mambo ya kusikia tu.

Ugonjwa wenyewe, ule wa namna ya pili ambao unawapata hasa watu wazima, uko hivi. Bukari tunayokula, mchele, viazi, mikate, vyote vinageuka sukari ndani ya damu, na sukari hiyo ndiyo nguvu ya mwili. Ili iingie katika nyama ya mwili inahitaji insulini, ambayo inatoka katika kongosho. Kwa mgonjwa, insulini haifanyi tena kazi vizuri, na kadiri miaka inavyopita inapungua. Sukari inabaki katika damu bila kupata njia. Ni kama magunia ya unga yaliyojaa ndani ya mabehewa pale stesheni, na mji mzima una njaa kwa sababu hakuna wa kuyapakua. Waganga wanapima damu asubuhi mtu akiwa hajala kitu, na wakikuta 126 mg/dl ao zaidi, mara mbili, wanasema ni ugonjwa wa sukari.

Mtu akielewa mfano huo wa mabehewa, ataelewa pia uchovu. Mama mmoja wa kwaya alikuwa hawezi tena kusimama mpaka mwisho wa nyimbo. Alikaa wakati wengine wamesimama, alisinzia wakati wa mahubiri. Wakasema amekuwa mvivu, kisha wakasema moto wa Roho umezimika kwake. Nyumbani ikawa mbaya zaidi, wakaanza kutafuta ni nani katika jamaa anayemkula kwa ulozi, na shangazi yake mzee aliangaliwa kwa macho mabaya miezi mizima. Wapendwa, mwanamke huyo alikuwa anaamka mara tano usiku kwenda kukojoa, sababu sukari ikizidi mwili unaitoa pamoja na maji. Nani anaweza kuimba mchana ikiwa usiku hakulala? Shangazi hakuwa na kosa lolote.

Tena uchovu hauna sababu moja. Sukari ikipanda unachoka, ikishuka mno unachoka vilevile. Malaria inachosha, upungufu wa damu unachosha, huzuni inachosha. Kuna hata jambo ambalo linawashangaza wengi: mwili uliozoea sukari ya juu kwa muda mrefu unaweza kutetemeka na kulegea wakati sukari inaporudi mahali pake, na mgonjwa akafikiri dawa inamuua, kumbe mwili unazoea tena. Ndiyo maana tunasema, kabla ya kuhukumu pima damu, andika namba kwenye karatasi, na uipeleke karatasi hiyo kwa muganga.

Na kwa wale wanaowakaripia waliochoka, someni habari ya Eliya. Alikimbia jangwani, akajilaza chini ya mretemu, akaomba afe. Malaika alipofika hakumhubiria. Hakumwuliza imani yake imekwenda wapi. Alimgusa, akampa mkate uliookwa juu ya makaa pamoja na chupa ya maji, akamwacha alale tena. Mara ya pili akamgusa, akamlisha, kwa kuwa safari ilikuwa kubwa kwake. Siku 40 hadi mlima Horebu zilitanguliwa na usingizi na chakula. Mtu wa kwaya akiomba kiti, apewe kiti. Na akipata nguvu kidogo, atembee kwa miguu nusu saa hivi kwa siku, polepole, kwani kutembea kunasaidia mwili kuitumia ile sukari. Kulala kitandani kutwa kunaongeza uchovu.

Sasa tufike kwenye vidonge, sababu hapo ndipo wengi wanapoanguka.

Dawa ambayo waganga wanatanguliza mara nyingi inaitwa metformini. Ni dawa nzuri, iliyotumiwa kwa watu tangu miaka ya 1950 na mganga Mfaransa Jean Sterne. Lakini majuma ya kwanza inasumbua tumbo: kuhara, kichefuchefu, upepo tumboni, kinywa chenye ladha ya chuma. Tunaongea waziwazi, maana aibu ya jambo hili imewafanya wengi kuiacha. Baba mmoja mwenye heshima zake alitoka mara tatu katika ibada moja. Siku iliyofuata alitupa vidonge chooni na hakumwambia mtu. Angalimwambia muganga, angalisaidiwa. Dawa hiyo inamezwa pamoja na chakula ao mara baada ya chakula, si kwa tumbo tupu. Inaanzwa kwa kipimo kidogo, mara nyingi 500 mg, na muganga anakiongeza polepole. Kwa watu wengi tumbo linatulia baada ya majuma machache. Lisipotulia, iko namna nyingine ya dawa hiyohiyo inayoyeyuka taratibu, ambayo tumbo linaivumilia zaidi. Anayeitumia miaka mingi aulize pia juu ya vitamini B12, kwani metformini inaweza kuipunguza mwilini, na upungufu huo unaleta uchovu na ganzi ya miguu. Lakini mtu anayetapika na kuhara mfululizo hata hawezi kunywa maji, huyo asikae nyumbani kungoja. Aende kituo cha afya siku ileile.

Dawa ya pili inayojulikana kwetu ni glibenklamidi, ambayo wengine wanaiita Daonil. Hiyo ina hatari nyingine. Inasukuma kongosho itoe insulini hata kama mtu hajala, na sukari inaweza kuanguka. Jasho baridi, kutetemeka, njaa ya ghafula, moyo kupiga mbio, maneno kuchanganyika, mwishowe kuzimia. Katika kanisa kama letu, mtu akianguka na kutetemeka, wengi watasema ni pepo na watamzunguka kwa nyimbo. Ombeni, hatukatazi, lakini kwanza sukari! Kama anaweza kumeza, apewe vipande vitatu ao vinne vya sukari, ao nusu glasi ya Fanta, mngoje dakika 15, na kama bado hajatulia mrudie. Kisha ale chakula. Kama amezimia msimtie kitu kinywani, mlazeni ubavu na mkimbize hospitali.

Hapo tunagusa mfungo. Tunajua uzito wa mfungo wa siku tatu katika kanisa letu, na hatuusemi kwa dharau. Lakini mwenye kumeza glibenklamidi ao kupiga sindano ya insulini akifunga bila maji wala chakula, anaweza kufa katikati ya sala. Asiingie katika mfungo kabla ya kuongea na muganga wake. Na asitafute ujanja wa kuacha dawa ili apate kufunga, kwa maana sukari itapanda na maji ya mwili yatakauka. Kuna mengi ya kumtolea Mungu badala ya chakula: kunyamaza, kusamehe deni, kuwatembelea wafungwa, kukesha saa moja na Biblia kisha kulala.

Kuna neno moja zaidi, nalo ni gumu. Mtu akija mbele kushuhudia kwamba ameombewa, amekunywa maji ya baraka na amezitupa dawa, mkutano unapiga vigelegele. Wakati huo, yule anayehara kwa sababu ya metformini amekaa nyuma, anasikia, na moyo wake unamwambia kwamba ni yeye peke yake asiye na imani. Sisi mashemasi hatuoni vema ushuhuda wa namna hiyo upite bila kipimo cha damu. Bwana alipowatakasa wenye ukoma aliwatuma kwa makuhani wajionyeshe. Uponyaji wa kweli hauogopi kupimwa. Ugonjwa huu unaweza kunyamaza miezi mingi bila maumivu, huku unaharibu macho, mafigo na miguu. Kujisikia vizuri si ushahidi. Muganga mwenyewe akisema vipimo vimeteremka na dawa ipunguzwe, basi na tushangilie, hata kwa ngoma na filimbi.

Wengine wanatuuliza ikiwa kumeza dawa ya wazungu si kuikana njia ya wazee wetu. Tuwakumbushe mwaka 1921. Mwaka huo, tarehe 6 ya mwezi wa 4, Papa Simon Kimbangu alianza kuombea wagonjwa kule Nkamba, na nchi nzima ikatikisika. Mwaka huohuo, katika mji wa Toronto kule Canada, Frederick Banting na Charles Best walianza kazi ambayo iliwafikisha kwenye insulini, na katika mwezi wa kwanza wa 1922 mtoto wa miaka 14 aliyekuwa anakufa kwa ugonjwa wa sukari alidungwa dawa hiyo, akaongezewa miaka. Kwetu sisi, Mungu aliyewasikiliza wagonjwa wa Nkamba ndiye aliyewapa akili hao wa Toronto. Hatumgawanyi.

Imebaki hofu. Mtu akiambiwa ugonjwa huu, usiku huohuo anaanza kumwona mjomba wake aliyekatwa mguu, ao jirani aliyepofuka. Anahesabu watoto ambao bado wanasoma. Anapima sukari mara kumi, ao haipimi kabisa kwa kuogopa namba. Anakula akihesabu kila tonge, na mke wake anaogopa kumpakulia. Hofu hii si dhambi. Hezekia aliligeukia ukuta na kulia, na machozi hayo hayakuhesabiwa kuwa kosa. Yalihesabiwa kuwa sala.

Ila hofu inajifanya ugonjwa. Nayo pia inaleta jasho, kutetemeka na moyo wa mbio, sawasawa na sukari iliyoanguka, hata mwenyewe hawezi kutofautisha. Kama kipimo kipo karibu, toboa kidole: ikiwa namba iko chini ya 70, kula sukari, ikiwa iko sawa, basi kaa chini, vuta pumzi polepole, mwite mtu wa nyumbani akae nawe. Kama kipimo hakipo, kula sukari kidogo, ni salama kuliko kungoja. Na hofu ikikaa majuma mengi, usingizi ukikimbia, chakula kikichukiza, mwambie muganga kama unavyomwambia habari ya tumbo. Kwa mguu unaouogopea, kuna kazi ya kufanya badala ya kulia: kila jioni uangalie chini ya nyayo, hasa siku ya Mungu, kwa sababu tunavua viatu mahali patakatifu, na mguu wenye ganzi hausikii msumari wala jiwe. Usipoweza kujiinamia, mtoto akuangalie.

Wenye familia, msimpikie mgonjwa chungu chake peke yake kama mtu aliyetengwa. Sombe, lenga-lenga, maharagi, samaki, na bukari kiasi cha ngumi, ni chakula chema kwa nyumba yote. Baba akiona wote wanakula kama yeye, nusu ya woga wake inaondoka.

Kwa ajili ya mfungo unaokuja, kila mmoja anayemeza dawa ya sukari ampe shemasi wa mtaa wake jina lake kabla ya siku ya Mungu, pamoja na jina la dawa yenyewe. Haitasomwa mbele ya mkutano. Viti vitatu vitawekwa karibu na mlango wa upande wa wamama na vitatu upande wa wababa, na juu ya meza ndogo mtakuta maji, vikombe na kopo la sukari. Anayejisikia vibaya asingoje sala iishe.