Ridhaa ya Mwenye Kupigwa

Katika Kiswahili hakuna kitenzi chenye kazi nyingi kama kupiga, kwani mtu hupiga simu, hupiga pasi, hupiga mswaki, hupiga magoti mbele ya Mola wake, na katika hayo yote hapana aumiaye; ndiyo sababu watu wazima waliozoeana hapa Bunia huchota humo mizaha isiyokauka.

Jioni moja nilikuwa barazani kwa jirani, na bwana wa nyumba akarudi amechelewa, shati limejikunjakunja kwa safari ya pikipiki kutoka Kasenyi. Mkewe alikuwa akisonga bugali, akatoka na mwiko mkononi, akasema, "Papa, leo nitakupiga." "Unipige nini, mama? Picha?" "Pasi!" Tukaangua kicheko, maana Kiswahili kilisikia habari ya makunyanzi ya shati, na Kilingala, ambacho mjini humu aghalabu kila mtu anacho kidogo, kilisikia mateso. Mzee akageuka kwa hiari yake akainama, mwiko ukamgusa mgongoni, ukaacha alama nyeupe ya unga. "Sasa umepigwa chapa," mama akasema, "hutapotea tena njiani."

Je, pigo lile lilikuwa pigo? Wako wacha Mungu wasemao kwamba mzaha mzaha hutumbuka usaha, nami siwadharau, wala siwezi nikiwa mahali hapa. Kiboko, mnyama wa Ziwa Albert lililo chini ya milima yetu, alitoa ngozi yake ikawa mjeledi, na jina lake likaufuata. Na mjeledi huo, tangu enzi ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji hapa Kongo, iliyoanza 1885, hata karibu na uhuru wa 1960, ulitua juu ya migongo ya wapagazi na ya wachimba dhahabu wa migodi ya Kilo. Palipochekwa hapo, alicheka mpigaji peke yake, na kicheko cha namna hiyo ni dhuluma juu ya dhuluma.

Mimi naona nia njema ya mpigaji haitoshi kuuhalalisha mzaha, kwa kuwa nia imo moyoni na moyo hauonekani. Kinachouhalalisha ni ridhaa ya mwenye kupigwa, wala si ridhaa iliyotolewa jana au siku ya ndoa, bali ile aliyo nayo mkononi hata sasa, ambayo aweza kuirudisha kwa neno moja, na neno hilo likatiiwa pasipo kununiwa. Mtoto hana ridhaa hiyo, mtumishi hana, wala mke amwogopaye mumewe hana, hata akicheka. Hao hawaingii katika mchezo huu kabisa.

Siku nyingine nilimkuta mama yule ametoka kuzika. Mumewe akaanza, "Mama, leo hunipigi hata..." Mama akatikisa kichwa tu. Mzee akanyamaza, akautwaa mwiko, akasonga bugali mwenyewe.