Jembe la Siku ya Tatu

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Methali hii tunaitumia kumsema mvivu. Mwalimu Nyerere aliitumia mwaka 1962 alipoeleza ujamaa: katika jamii yetu ya jadi, alisema, kila mtu alikuwa mfanyakazi. Lakini methali ina watu wawili. Mgeni anadaiwa kazi, na mwenyeji anadaiwa jembe. Je, mwenyeji asiye na jembe la kutoa ana haki ya kumwita mgeni wake mvivu?

Mwaka 1983 Bunge la chama kimoja lilipitisha Sheria ya Nguvu Kazi. Mtu mwenye uwezo wa kufanya kazi alitakiwa athibitishe kwamba anayo. Jijini Dar es Salaam, walioshindwa kuonyesha kitambulisho waliitwa wazururaji, na maelfu wakakamatwa ili wapelekwe vijijini na mashambani. Wachuuzi wadogo walioamka alfajiri kutafuta riziki nao walikumbwa, kwa sababu kazi yao haikuhesabiwa kuwa kazi.

Kazi zilizohesabiwa zilikuwa wapi? Tangu Azimio la Arusha la 1967, mabenki na viwanda vikubwa vilikuwa mikononi mwa umma, kwa hiyo serikali ndiyo iliyokuwa mwajiri mkuu. Bei ya mafuta ilipopanda, na Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilipomaliza akiba, fedha za kununulia vipuri zilikosekana, na viwanda vingi vikazalisha chini ya nusu ya uwezo wake. Mshahara nao ulinunua kidogo kila mwaka. Mfanyakazi hakuwa na chama huru cha kumsemea: shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, lilivunjwa mwaka 1964, ikaundwa NUTA, kisha JUWATA iliyokuwa chini ya CCM.

Hapa Mbezi Beach, miaka hiyohiyo, maofisa na wasomi waliopata viwanja walifuga kuku na ng'ombe, kwa kuwa mshahara haukufika mwisho wa mwezi. Shughuli hizo ziliitwa miradi, na siwalaumu. Lakini tazama maneno yenyewe. Mwenye kitambulisho cha ofisi akiuza mayai, ana mradi. Asiye nacho akiuza karanga, ni mzururaji. Wote wawili wanaziba pengo lilelile. Anayekamatwa ni yule asiyekuwa na mtu wa kumjibia.

Wapo watakaonijibu kwamba nchi ilikuwa na njaa, mashamba yalihitaji mikono, na Mwalimu hakujitajirisha. Yote ni kweli. Nakubali pia kwamba jamii ina haki ya kudai mchango wa kila mtu. Wengine watakataa neno udikteta kwa enzi ile, nami sitaling'ang'ania. Ninachopima ni kitu kidogo zaidi: kama mtawala anaweza kufunga mlango wa ajira, akamwadhibu aliyebaki nje, na asiwepo wa kumuuliza. Nia njema haifuti dhuluma hiyo. Huifanya tu iwe ngumu kuonekana, hata kwa anayeitenda.

Tusidhani mambo hayo yameisha. Ibara ya 25 ya Katiba yetu inakataza kazi ya shuruti, kisha inaacha nafasi kwa jitihada za taifa za kutumia nguvu za watu. Mwishoni mwa 2018 machinga walipewa vitambulisho kwa shilingi 20,000, wakaambiwa wasisumbuliwe. Mwaka 2021 wengi wao waliondolewa kandokando ya barabara. Serikali ileile iliyokiri kwamba uchuuzi ni kazi ilibaki na uwezo wa kuamua kwamba leo si kazi, au si hapa.

Pale Tangi Bovu, kando ya Barabara ya Bagamoyo, kuna vijana wenye shahada wanaosubiri abiria wa bodaboda. Mahali wanapokaa tunapaita kijiwe, neno lilelile tunalolitumia kwa wasio na kazi. Mtu mzima anapita, anatikisa kichwa, anasema vijana wa siku hizi hawapendi kazi. Wao wameshafika siku ya tatu zamani. Wengine wamenunua jembe lenyewe kwa mkopo, na kila jioni wanapeleka hesabu kwa aliyewakopesha.