Mwana wa Mgeni na Ada ya Chuo

Wamo kati yetu vijana ambao babu au wazazi wao walivuka Mto Kagera wakikimbia machafuko ya Rwanda, mwaka 1959 au 1994. Wamesoma na watoto wetu. Lakini wakifaulu kwenda chuo kikuu, mkopo wa Bodi ya Mikopo ni wa raia wa Tanzania tu.

Je, ni haki? Fedha za umma ni chache; serikali kutanguliza raia si dhambi. Walakini kijana hakuchagua kuvuka mto, na nabii Ezekieli, sura ya 18, anakataa mwana kulipia kosa la babaye.

Basi tusimshauri kughushi cheti. Tumsindikize Uhamiaji akaulizie uraia, na ada tumchangie kama tunavyochangiana harusi.