Mti wa Kuja

Mti wowote wenye maua mekundu uliopandwa mbele ya nyumba huulizwa swali moja tu: unaitwaje? Akishajibiwa, muulizaji huenda zake ameridhika. Mimi nasema swali hilo ni la kwanza, si la mwisho. Anayelifanya la mwisho aweza kuudhulumu mti, na kesho akamdhulumu mtu. Ndugu msomaji, usinicheke. Katika Kiswahili, kati ya mti na mtu ipo tofauti ya irabu moja tu.

Kwetu Morogoro, mbele ya nyumba, upo mti ulionizidi umri. Marehemu babu ndiye aliyeupanda. Mama huuita mkrismasi, maana huwaka kama moto kuanzia Novemba hadi sikukuu yenyewe. Jirani mmoja ameshikilia kuwa ni kibobakasi. Naye mpangaji wetu, aliyehamia wakati wa masika, majani tele na ua hakuna, alisema bila kusita: jakaranda hiyo. Watu watatu, majina matatu, shina moja.

Hebu tuuchunguze, maana ubishi wa namna hii hauamuliwi kwa sauti kubwa. Ua la kibobakasi ni kama kikombe, na matumba yake hujaa maji ambayo watoto huyaminya na kurushiana. Ua la mti wetu halishiki maji. Lina petali tano zilizoachana, nne nyekundu tupu, na ya tano imesimama peke yake ikiwa na mabaka meupe na michirizi. Kwa hiyo kibobakasi kimeondoka. Jakaranda nayo ina majani yanayofanana na yetu, kama manyoya ya ndege, ndiyo maana mpangaji alidanganyika. Lakini majani ya jakaranda hutoka mawili mawili yakitazamana kwenye tawi, na vijani vyake vina ncha kali. Ya mti wetu hutoka moja moja kwa zamu, na vijani vyake vimeviringana mwishoni. Tena tunda la jakaranda ni bapa, la duara, wakati la kwetu ni refu kama ala ya panga, gumu, jeusi, na likikauka watoto hulitikisa kama kayamba.

Basi mama ameshinda. Ni mkrismasi, ambao wataalamu huuita Delonix regia. Kwao ni Madagaska, katika misitu ya ukame ya kaskazini na magharibi. Uliingia katika vitabu vya wataalamu wa Ulaya mwaka 1829, baada ya Wenceslas Bojer kuuona huko. Watu wa Madagaska hawakumngoja yeye ili waujue.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Baba mdogo anataka kujenga ukuta mwaka huu, na mti uko njiani. Aliposikia neno Madagaska akapata alichokuwa akikitafuta. Eti, "Si mnaona? Hata si mti wetu huu. Ni wa kuja. Ukatwe."

Jamani! Baba mdogo ni mtoto wa mtu wa kuja. Babu alitoka Kigoma kwa treni, akawa manamba katika mashamba ya mkonge, akaishi Morogoro zaidi ya miaka 40, akazikwa Morogoro. Na bado, kila palipotokea ugomvi wa mpaka wa kiwanja, aliambiwa arudi kwao. Hakuambiwa amekosea mpaka kwa hatua ngapi. Aliambiwa arudi kwao tu, kana kwamba kutoka mbali ni jibu la kila swali.

Tukifuata hoja hiyo, tuanze na sahani zetu. Mahindi na mihogo vilitoka Marekani ya Kati na ya Kusini. Mwembe ulitoka Asia. Hata mwarobaini, ambao majani yake tunayachemsha kana kwamba tulizaliwa nao, asili yake ni upande wa Bara Hindi. Nani atakayebaki na chakula mezani?

Lakini nisiwe mwepesi wa kushinda. Yupo atakayeniuliza, na gugumaji je? Nalo lilitoka Amerika ya Kusini, likaingia Ziwa Viktoria, na katika miaka ya 1990 likaziba bandari na kuwazuia wavuvi kutoka ufukoni. Ni kweli. Na kibobakasi, huyo ndugu yetu wa Afrika, amepelekwa visiwa vya Pasifiki kwa ajili ya uzuri wa maua yake, huko akasambaa na kusonga mimea mingine, hadi akawekwa katika orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani. Hapa ni pambo, kule ni adui, na ua ni lile lile.

Kwa hiyo siwezi kusema asili haina maana yoyote. Asili inatuambia tuangalie wapi. Haituambii tutakachokiona. Gugumaji halilaumiwi kwa sababu ya safari yake. Linalaumiwa kwa yale liliyoyafanya ziwani. Jina ni kama kitambulisho: askari akishakisoma, bado hajaona kosa.

Je, mkrismasi wetu una kosa? Upo ushahidi dhidi yake, nami sitauficha. Mizizi yake haiendi chini sana, hutambaa juu juu na kwenda mbali, na inaweza kuinua sakafu na kupasua ukuta. Hilo ni shitaka. Kuja si shitaka. Na shitaka hilo lina dawa kabla ya shoka: ukuta usogezwe hatua kadhaa, au upande ule uwekwe wigo wa waya. Baba mdogo atapoteza nafasi ya kuegesha gari. Sisemi hasara hiyo ni ndogo, hasa nikiisema mimi niliyemaliza kidato cha nne nikakaa nyumbani, wakati saruji ananunua yeye. Ila apime hasara yake na kivuli cha miaka yote hii, apime wazi wazi, bila kujificha nyuma ya Madagaska.

Na ikiwa kweli mizizi itafika kwenye msingi wa nyumba, ukatwe, hata shoka nitalishika mimi. Lakini siku hiyo tuwaambie watoto kwamba tumeukata kwa sababu ya mizizi. Tusiwaambie umekatwa kwa kuwa ulikuwa wa kuja, maana wao ni wajukuu wa babu, na watasikia.