Je, Mtu Aweza Kuamriwa Kupenda?



Sisi tuliofundisha lugha miaka mingi tuna tabia moja: neno likitamkwa kanisani hubaki nasi hata baada ya mahubiri kwisha. Safari hii tumebaki na 'upendo'. Tumeamriwa kupenda, na amri hiyo twaijua tangu darasa la ubatizo. Lakini moyo haupigiwi kengele kama wanafunzi ukaja mbio. Mtu asiyempenda jirani yake afanyeje?

Tuanze na lugha yenyewe. Kitenzi 'penda' kimezaa watoto wengi. Kama 'linda' hutupa mlinzi, ndivyo 'penda' hutupa mpenzi, na humo humo penzi na mapenzi. Yuko mpendwa, yuko kipenzi, na yuko mtoto mtundu anayeitwa upendeleo, yaani upendo ulioegemea upande mmoja. Huyo twamjua sana sisi tuliopata kuchagua viranja.

Siku hizi ndugu hawa tumewatenganisha. Upendo tumeupeleka kanisani, mapenzi tumeyaachia redio, na kijana akilitamka neno hilo la pili katika mkutano wa vijana, wenzake hucheka. Biblia ya tafsiri ya Union, iliyotoka kamili mwaka 1952, haikuliogopa. Katika Sala ya Bwana twataja mapenzi ya Baba, na hapo hatusemi habari ya hisia tamu bali nia yake, lile aliloazimia. Hata sokoni twasema 'ukipenda chukua', 'fanya upendavyo'. Basi kupenda, kwa Kiswahili, ni kuona raha na pia ni kuamua. Raha haiwezi kuamriwa. Uamuzi waweza.

Wengine hawakupata urahisi huo. William Tyndale alipotafsiri Agano Jipya kwa Kiingereza mwaka 1526, katika Wakorintho wa Kwanza sura ya 13 aliandika 'love', na Thomas More akamlaumu kwa kuliacha neno la zamani, 'charity', lenye asili ya Kilatini. Tafsiri ya 1611 ikalirudisha hilo la zamani. Nalo likazidi kusinyaa mpaka likawa sadaka kwa maskini, na tafsiri ya 1881 ikarudi kwa 'love', ambalo Mwingereza hulitumia kwa Mungu, kwa mkewe na kwa mbwa wake. Kitamil cha kusini mwa India kina neno 'anbu', na likivushwa kwenda Kiingereza huwa mara mapenzi, mara wema, mara kujitoa kwa Mungu. Na hapa kwetu Igogo, Msukuma akisema 'kutogwa' au Mjaluo akisema 'hero', kila mmoja ana mipaka yake.

Lakini maneno hupimwa majumbani. Yuko mama mmoja ambaye nyumba yake iko juu kwenye mawe, ambako ndoo ya maji hupanda kwa kichwa. Anamuuguza mama mkwe wake aliyepooza. Mzee huyo, alipokuwa na nguvu, alimtesa kwa maneno miaka mingi, hata kumwita tasa mbele ya wageni. Leo huyo huyo aliyetukanwa humlisha, humwogesha, na usiku huamka kumgeuza ubavu ili asipate vidonda. Wifi zake hupiga simu kila Jumapili, nao hulia kweli. Kina mama wa kanisa walipokwenda kumsalimu na kumsifu kwa upendo wake, aliwakata: "Simpendi. Namtunza tu."

Njiani wakibishana, mmoja alisema huo ni unafiki. Hatukubali. Mnafiki hudai alichokosa, na mama huyu hakudai kitu. Mwingine alisema huo ndio upendo wenyewe, wala haupungui. Hapo nako twasita kidogo, kwa maana mgonjwa huujua mkono unaomwosha kwa hasira, na huenda mzee yule usiku hulia kwa jambo hilo. Kuna kitu kinakosekana katika nyumba ile, na wote wawili wanakijua. Ila kile kilichoamriwa, yaani kuamua kila asubuhi kwamba huyu asife njaa wala asioze, kinatendeka. Kilichobaki hakimo mikononi mwake.

Meli ya MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, wengi waliopotea walizikwa Igoma. Waliochimba makaburi yale wengi wao hawakuwajua waliokuwa wakizikwa. Hawakungoja kwanza wawapende ndipo washike majembe.

Katika Yohana sura ya 21 Petro anaulizwa mara tatu. Kigiriki kina vitenzi viwili pale, Kiswahili kikatumia 'penda' mara zote tatu, na wataalamu wameandika mengi juu ya tofauti hiyo. Sisi twaona zaidi kwamba kila alipojibu hakuulizwa moyo wake unasikiaje. Alipewa mifugo aitunze.

Kuhusu yule mama, wifi mmoja amekuja kusaidia, naye alisema atakaa mwezi mzima. Siku ya tatu aliuliza kama yuko kijana wa kulipwa apandishe maji.