Kanuni ya Mfalme, Mfungwa wa Elisabethville

Kujifunza kanuni za mchezo ni imani ya muda, kwa kuwa mchezaji hukubali kwanza na kuhoji baadaye, na asiyekubali hawezi kucheza kabisa. Mwanafalsafa John Searle alitofautisha kanuni zinazosimamia jambo lililokuwapo tayari, kama zile za barabarani, na kanuni unda, yaani zile ambazo bila hizo jambo lenyewe lisingekuwapo, kama za drafti. Kanuni unda haisemwi kuwa ni kweli wala uongo. Linalobaki kuulizwa ni iwapo kinga hiyo hudumu pale kanuni inapovikwa majina ya watu walioishi.

Katika Civilization VI, mchezo wa kompyuta wa mwaka 2016 ambamo wachezaji hujenga miji, hupigana na kueneza dini kwa kupokezana zamu, anayeushika Ufalme wa Kongo chini ya Mvemba a Nzinga hugundua kwamba hawezi kujenga mtaa mtakatifu, kupata nabii mkuu wala kuanzisha dini. Ila dini ya wengine ikitawala katika miji yake mingi, hunufaika nayo kama mwanzilishi wake. Kwa habari ya mfalme mwenyewe, kanuni hii ina akili: Mvemba alibatizwa mwaka 1491 kwa jina la Afonso, akaifanya imani aliyoipokea kuwa ya ufalme, na mwaka 1518 Papa Leo wa Kumi akamteua mwanawe Henrique kuwa askofu.

Tatizo ni muda. Mchezo huanza mwaka 4000 kabla ya Kristo na huweza kufika 2050 chini ya mfalme yuleyule, hivyo jambo lililompata mtu mmoja hugeuka dhati, yaani sifa isiyotenganishika, ya watu wote: Wakongo hupokea, hawaanzishi. Mji wa Lubumbashi, nchini Kongo, una sababu ya kulikataa dai hilo. Simon Kimbangu, Mkongo wa Nkamba, alianza kuhubiri na kuponya mwaka 1921. Mwaka huohuo mahakama ya kijeshi ya Wabelgiji ikamhukumu kifo, Mfalme Albert akaibadili adhabu kuwa kifungo cha maisha, naye akafungwa katika mji huu, ulioitwa wakati huo Elisabethville, hadi alipofariki tarehe 12 Oktoba 1951.

Mtetezi wa mchezo atajibu kwamba Kimbangu naye alimhubiri Kristo aliyeletwa na wamisionari, kwa hiyo alikuwa mpokeaji. Jibu hilo lina uzito, lakini humkaba anayelitoa, kwani mchezo huohuo unauweka Uprotestanti katika orodha ya dini zinazoweza kuanzishwa, ilhali Luther, mwanzilishi wake, pia alianza na imani aliyoikuta. Kwa kipimo hicho, Kanisa la Kimbangu, lililotambuliwa na serikali ya kikoloni mwaka 1959 na kupokelewa katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni mwaka 1969, lilistahili nafasi katika orodha hiyo.